Ngome ya Mwalimu Tumsifu

Mwalimu Tumsifu alifundisha historia Moshi mpaka alipostaafu, kisha binti yake akamleta Weston, Toronto, akae naye. Mwaka wa kwanza alishinda dirishani akiitazama theluji kama mtu anayesubiri hukumu. Wa pili, yaani 2011, akagundua kwamba mji huu una ngome, Fort York, ambayo Waingereza na Wamarekani waliipigania mwaka 1813. Tangu hapo kanisani hapakukalika. Kila baada ya ibada ya Kiswahili, watu wakiwa na chai mkononi, aliwasimulia kuta na minara ya ngome ambayo hajawahi kuiona.

"Fort Jesus nimeingia," alisema. "Ile ilijengwa na Wareno tu. Hawa ni Waingereza. Pigeni picha kichwani wenyewe."

Watu wakapiga picha. Mama Genoveva, mjane aliyeongoza kwaya, ambaye kwa ajili yake mwalimu alikuwa ameanza kuvaa tai, akapanga safari. Mogaka, Mkisii mwenye gari kubwa, akajitolea kuendesha. Jumamosi moja ya Julai kwaya ikajazana humo pamoja na sufuria la pilau.

Walipofika karibu na barabara kuu inayopita juu ya nguzo, Mogaka akaegesha.

"Mbona umesimama?" mwalimu akauliza.

"Tumefika."

"Tumefika wapi?"

Mbele yao palikuwa na tuta la nyasi ambalo mbuzi mzee angelipanda bila kukohoa. Nyuma yake zilichungulia paa za nyumba fupi. Magari yalinguruma juu, na maghorofa ya vioo yalikuwa yameizunguka ngome kama watu wazima wanaomtazama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mwalimu," Mogaka akasema taratibu, "hii ni fort ama ni boma ya ng'ombe?"

"Huu ni upande wa nyuma," mwalimu akajibu, akawaongoza kuzunguka. Upande wa mbele ulikuwa vilevile. Kwaya ikaanza kukohoa kile kikohozi cha watu wanaozuia kicheko.

Genoveva akaegemea mzinga mmoja wa kale, akavua viatu. "Shule niliyosoma Kibosho ilikuwa kubwa kuliko hii."

Mwalimu alitamani kusingizia kichwa kinamuuma, arudi akakae garini. Lakini Genoveva alikuwa bado anamtazama. "Sasa humu walipiganaje?" akauliza, na alitaka kujua kweli.

Mwalimu akiulizwa swali hawezi kwenda kukaa garini. Akalegeza tai.

"Sauti ya nne, ninyi ni Wamarekani, mmetoka na meli ziwani. Jenerali wenu ni Mogaka. Soprano, ninyi ni Waingereza, mko wachache."

"Kwa nini sisi ndio wachache?"

"Kwa sababu hamji mazoezini. Mama Genoveva, wewe ni ghala la baruti."

"Kwa mwili huu?"

"Ghala lilikuwa kubwa, mama. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kikubwa hapa."

Kwaya ikangoja kuona kama mzee ataondoka salama. Genoveva akacheka mpaka akashika mzinga.

Mwalimu akaendelea. Waingereza walipoona wamezidiwa, walililipua ghala lao wenyewe wakatoroka. Mawe yakawanyeshea Wamarekani na kumuua jenerali wao. Akanyoosha kidole. Genoveva akalipuka kwa sauti inayowafikia hata wa viti vya nyuma, na Mogaka akaanguka kwenye nyasi na suruali yake ya kanisani.

Watalii waliokuwa wamesogea wakapiga makofi. Msichana aliyevaa koti jekundu la askari, mwongoza wageni wa hapo, akaja. Mwalimu akajiandaa kufukuzwa. Kumbe alitaka kujua onyesho linalofuata litaanza saa ngapi.

"Baada ya pilau," mwalimu akamjibu kwa Kiingereza chake cha darasani.

Wakati wa kurudi Genoveva alikaa karibu naye.

"Ni ndogo," mwalimu akasema hatimaye, akitazama nje.

"Ndogo kabisa," Genoveva akakubali. "Umetia chumvi mpaka tukaona kiu. Wiki ijayo unatupeleka wapi?"

Walifunga ndoa mwaka 2013, binti akilalamika kwamba hakushirikishwa. Fungate wakaenda maporomoko ya Niagara. Mwalimu alisimama kando ya uzio wa chuma, koti la plastiki likimvujia shingoni, akayatazama maji kwa muda mrefu.

"Ni makubwa," akakiri. "Lakini ni maji tu. Mtu utafundisha nini hapa?"

Genoveva akampa simu, akamwambia anyamaze ampige picha.