Kichuguu Tulichokifanya Matofali

Kijiji chetu, mbali na Kabambare mwendo wa nusu siku kwa pikipiki kama barabara haijakatika, kilikuwa na nyumba chache za udongo, chemchemi moja bondeni inayokauka kila kiangazi, kanisa la nyasi, msikiti mdogo, na kichuguu. Wageni waliokuja kuandika tulivyo navyo, kichuguu hawakukiandika. Hicho ndicho kilichokuwa mali yetu kubwa.

Kilisimama nyuma ya shamba la mihogo la baba, kirefu kupita paa. Ukipanda hadi juu na kugeukia upande wa Salamabila, mtandao ulikuja. Kwingine kote, hakuna. Hapo tulipokea habari za misiba na harusi. Hapo dada yangu mkubwa aliongea na mume wake, aliyekuwa akichimba dhahabu. Tulikuwa na adabu zetu: mtu akiwa juu, wengine mnakaa mbali na kujifanya hamsikii. Tulikuwa tunasikia yote.

Kisha wakaja watu wa mradi na fulana zao mpya. Watatujengea poste ya afya, yaani zahanati ndogo, walisema, ila matofali tutoe sisi. Udongo wa kichuguu ndio unaotoa matofali magumu, kila mtu kwetu anajua, na huo ulikuwa karibu. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga jembe. Dada alikuja akanisimamia, mikono kiunoni.

"Mukimaliza kuvunja, tutapigia simu wapi?"

"Yaya," nilimjibu, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "kama poste iko hapa, utaita nani tena?"

Watu walicheka. Nilijiona nina akili sana. Hata leo nikikumbuka maneno yale, natamani kujizaba kofi.

Poste ikaisha. Mabati, mlango wa bluu, kibao kinachosomeka toka njiani. Muuguzi hakuja. Dawa hazikuja. Kitanda kilikuja kimoja, bila godoro.

Mvua zilipoanza, dada alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na mkunga wetu alisema yeye hawezi, aitwe mtu wa pikipiki upesi. Aitwe na nini? Nilikimbia na simu hadi pale kichuguu kilipokuwa, nikasimama ndani ya shimo tulilolichimba wenyewe, mkono juu, kama mjinga. Hakuna kitu. Tulimbeba kuelekea hospitali kwa kipoyi, machela ya miti, wanaume wanne tukipokezana mabega tangu asubuhi mpaka jua likainama. Dada alipona. Mtoto, wa kike, alizaliwa njiani na hakulia.

Nina hasira na watu wa mradi. Nina hasira na wakubwa walioahidi muuguzi na kusahau tuliko. Lakini hasira iliyo kubwa zaidi sina pa kuipeleka, maana jembe nililishika mimi.

Kiangazi kilichofuata walirudi kupiga picha. Walitupanga mbele ya ule mlango wa bluu, wakatuambia tupige makofi. Mkubwa wao akauliza kama tuna ombi. Dada akasogea mbele.

"Murudishe kichuguu yetu."

Walicheka; walidhani anataka kumbikumbi wa kula. Mkubwa wao akanigeukia mimi, akaniuliza huyu mama anamaanisha nini. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa matofali niliyoyafyatua mwenyewe. Nikasema sijui.

Dada alinisikia.