Chupa Niliyoipandisha Dirishani

Ningekataa. Hadi leo hasira inanipanda: ningemwambia tu yule bwana mkubwa wa wodi, "Chupa hii haiondoki," na aibu ile nisingeijua. Lakini nilikuwa kijana niliyemaliza sekondari, kaptula nyeupe imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, nataka kusifiwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Ifakara, mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mdogo wangu Magreta alikuwa amemleta mwanawe Kosmas kutoka Idete. Mtoto alianguka toka kwenye dungu akiwinga ndege wa mpunga, ubavu ukavunjika ukatoboa pafu, hewa ikavujia kifuani na pafu likasinyaa kama mpira ulioisha upepo. Daktari akamtia mrija ubavuni, ncha ya pili ikazama kwenye chupa ya maji sakafuni, hewa itoke isirudi. Sharti moja: chupa ikae chini kuliko mtoto. Nililijua (mimi mwenyewe nilimweleza Magreta, kwa madaha kama profesa!).

Asubuhi moja wageni wa serikali, wazungu, wanakuja kukagua, sakafu imesuguliwa inang'aa, bwana mkubwa ananifokea, "Wewe, ondoa takataka hiyo chini, weka dirishani!" Nami, ndiyo bwana, nikainyanyua, nikaiweka dirishani juu ya kichwa cha mtoto, nikasimama kifua mbele, wageni ndio hao wanaingia.

Maji yakarudi na mrija mpaka kifuani. Kosmas akakohoa, akatapatapa, midomo ikawa rangi ya majivu.

"Kaka, unamfanya nini mwanangu? Kaka!"

Sista wa zamu ndiye aliyekimbia, akaubana mrija, akaishusha chupa. Bwana mkubwa akanigeukia mbele ya wote: "Mjinga wewe! Nani kakutuma?"

Yeye! Nami, mpumbavu, nikajibu, "Hakuna, bwana." (Nalinda kazi. Walinifukuza wiki hiyohiyo.)

Kosmas alipona, sasa ana wajukuu. Lakini nilipokwenda Idete kueleza ukweli, Magreta hata kigoda hakunipa. "Ulisema mwenyewe hakuna aliyekutuma," akasema. "Basi ni wewe. Ulitaka wazungu wakuone."

"Ndiyo bwana" ile ilinigharimu kazi, halafu ikanigharimu dada. Magreta tumemzika Idete, na tangu siku ile ya wodini hakuniita tena kaka.