Tonge la Pili

Leo mchana, huku ughaibuni, mtaani Al Barsha, mwenzangu wa dukani kaniletea sahani mbili za wali wa nazi wa Kimalesia, wenye dagaa na pilipili. Kanunua kwenye vibanda viwili vilivyopakana. Kimoja kina foleni, cha pili hakina mtu.

"Onja, uniambie upi mtamu," kasema.

Mvuke wa nazi ulinirudisha utotoni, nimekaa mkekani, macho nimeyafumba. Mama alikuwa akiuza wali asubuhi mlangoni petu, na jirani akiuza wake ng'ambo ya uchochoro. Wateja walikuwa wameanza kuvuka. Asubuhi hiyo mama aliagiza kwa siri sahani ya jirani, akanifumbisha macho, akanilisha matonge mawili kwa mkono wake ulionukia moshi.

"Lipi tamu?"

Nilitaka sana kulichagua la mama. La pili lilikuwa laini, tui limekolea, chumvi imekaa. Nikasema, "Hili," bila wasiwasi, kwa sababu lililo tamu lisingeweza kuwa la mtu mwingine.

Nilipofumbua macho, mama alikuwa akiitazama sahani ya jirani. Akanifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Haya, nenda chuoni ukasome Kurani, utachelewa."

"Basi, upi?" mwenzangu kaniuliza tena.

"Zote tamu," nikamwambia. Kisha nikaivuta kwangu sahani ya kile kibanda kisicho na mtu, nikaila mpaka punje ya mwisho.