Hodi ya Pili

Mwalimu wa ushauri alikuwa mwanamke mpole, ila siku moja kila mwaka aligeuka simba. Siku hiyo alivaa koti jeusi la marehemu mumewe, mikono ya koti ikimfika vidoleni, akaketi nyuma ya meza katika kile chumba kilichokuwa stoo ya madawati. Vijana wa kidato cha mwisho wakaingia mmoja mmoja kujifunza kuomba kazi. Wenyewe walimwita Bosi Koti.

Mchezo ulikuwa na kanuni yake. Hata ungejibu maswali kama wakili, Bosi Koti angekufukuza. Unatoka, unashusha pumzi, unarudi kugonga tena. Ukigonga mara ya pili, koti linavuliwa, mnacheka, unaelezwa ulipokosea. "Mlango wa kazi haufunguki kwa hodi moja," aliwaambia darasani siku moja kabla ya mchezo, asije akaumia mtu.

Basi kulikuwa na binti mmoja, wenzake wakimwita Kimya, maana maneno kwake yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko. Masomo yake ya wastani, lakini mpe ubao na randa uone! Mwalimu mwenyewe alimpeleka kwenye karakana ya fundi seremala. Fundi yule, bahili wa sifa, akapitisha kidole mahali binti alipounga mbao mbili, akasema, "Huyu mlete mitihani ikiisha. Nafasi ninayo moja tu."

Siku ya kuelezwa kanuni, Kimya alikuwa hospitali na mama yake. Darasa lilijaa, mwalimu hakuliona pengo. Kesho yake binti akaja mbio, akawa wa mwisho, wenzake wameshatawanyika. Hakuna wa kumnong'oneza.

"Kazi gani unataka?"

"Useremala."

"Kwa mikono hiyo? Hata kijiti cha meno hutachonga. Hatukuhitaji. Toka!"

Binti akatoka. Mwalimu akabaki ameshika kifungo cha koti, tayari kulivua, masikio mlangoni. Hodi haikuja. Labda kamkimbilia mama yake, akajiambia. Mara mitihani ikaanza, kila mtu na lake, shule ikafungwa.

Kumbe! Siku moja mwalimu akakutana na fundi njiani. "Mwalimu, binti yako vipi? Nimengoja mpaka nikachoka. Nimeshachukua mwingine."

Mwalimu akageuza njia palepale. Hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa kina Kimya. Akamkuta uani anakamua mashuka ya watu, mama yake amejilaza kwenye mkeka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukwenda kwa fundi?"

Binti akaitazama mikono yake. "Si ulisema mwenyewe? Nikajua fundi alinisifu kwa kukuonea haya wewe. Wewe ndiye unayenijua."

"Ulikuwa mchezo, mwanangu! Ulitakiwa ugonge tena!"

"Kugonga tena?" Ndiyo kwanza anasikia.

Mama mtu akajiinua kwa kiwiko. "Mwalimu, mchezo gani huo usiochekesha?"

"Ningoje hapa," mwalimu akamwambia binti. "Nakwenda kusema na fundi."

Akagonga mlango wa karakana. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Mwalimu akatoka, akasimama barabarani, akashusha pumzi, akarudi. Akagonga tena.

Fundi akafungua, vumbi la mbao kwenye nyusi. Nyuma yake randa ya mtu mwingine ilikuwa inakwenda, inarudi.

"Mama," akasema taratibu, "nilikusikia mara ya kwanza. Huyu naye ni mtoto wa mtu. Nimfukuze kwa kosa gani?"

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kuliko alivyotaka. Alipokata kona, akamwona Kimya mlangoni. Mashuka yameshaanikwa. Binti amebadilisha gauni, amevaa viatu vya shule, anangoja.