Mstari wa Sita

Mstari wa sita niliuchora mimi. Niliuchora kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, huku nikijifanya nafunua kifuniko tu, na kwa miaka arobaini nimekana. Nimekana mbele ya dada yangu, nimekana mbele ya mama yake, nimekana kwa barua zenye stempu za nchi mbili, na mara moja nimekana msibani, tukiwa tumekaa mkekani na wenzetu wakisoma Yasini, jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka masikio yanapata moto.

Dada huyo ni mtoto wa mama mkubwa, na kwetu hakuna neno jingine la kumwita. Alizaliwa Rumonge, kusini ya Bujumbura, mwaka mmoja kabla ya uhuru, mimi nikazaliwa mwaka wa uhuru wenyewe, na tofauti hiyo ndogo aliivaa kama cheo. "Miye nilizaliwa bendera ya Wabelgiji iko juu," alikuwa akiniambia. "Weye mutoto wa juzi. Leta maji."

Nilileta maji.

Mama mkubwa alikuwa na kibanda cha kukamulia mawese, mwendo mfupi kutoka ziwani. Kazi yetu baada ya ekoli, yaani shule, na madrasa ilikuwa kupasua kokwa za chikichi kati ya mawe mawili, tutoe kiini cha ndani, ambacho kilikwenda kwa watengeneza sabuni. Kokwa hupasuka ovyo, vipande vipande. Lakini mara mojamoja ilipasuka katikati sawasawa, ukabaki na vikombe viwili vidogo ambavyo mdoli angeweza kunywea chai. Hivyo tuliviweka kando. Tulipofikisha vikombe sita vinavyolingana, mchezo ulianza. Sikumbuki nani aliubuni, na nikisema sikumbuki maana yake ni kwamba alibuni yeye.

Mchezo ulikuwa hivi. Mmoja alikuwa msafiri, mwingine mwenye kifuniko. Meza yetu ilikuwa beseni kuukuu lililofudikizwa, na juu yake tulitandaza jivu la jiko la mawese. Mwenye kifuniko alisimulia dunia: hapa pana msitu, hapa pana zimwi limelala, ufunguo uko chini ya shavu lake. Msafiri alisema anataka kufanya nini. Hapo mwenye kifuniko alipima ugumu wa jambo hilo, akachora mistari kwenye jivu, mmoja mpaka sita, bila msafiri kuona, akaifunika na kifuniko cha kopo la maziwa. Kisha msafiri alirusha vikombe. Vilivyoangukia mdomo juu vilihesabiwa. Vikifika idadi ya mistari au kuipita, umeweza. Vikipungua, zimwi limefungua jicho.

Mistari ilifichwa kwa sababu mwanzoni, ilipokuwa wazi, dada alikuwa akiibishania. Angeweza kunishusha kutoka mitano hadi miwili kwa maneno matupu, na zimwi langu likageuka mbuzi.

Kupima ugumu ndiko kulikonitesa na kunilevya. Mstari mmoja ulikuwa kwa jambo ambalo mtu yeyote wa Rumonge angelifanya huku anapiga miayo. Miwili, kuvuka mto wa magotini. Mitatu, kumdanganya mlinzi mwenye akili ya kawaida. Minne, kumdanganya mke wake. Mitano ilikuwa ya mazimwi, radi na nyani wenye kusema. Sita niliiweka kwa mambo kama kumfanya mama mkubwa abadilishe neno lake, yaani mambo ambayo hadithi isingeyategemea.

Wakati huo sikujua chochote kuhusu hesabu za bahati. Nilijua tu kwamba mitatu hutoka mara nyingi na sita karibu haitoki kabisa. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, mwalimu wetu aliandika ubaoni jambo hilohilo kwa herufi za Kigiriki, nami nikakaa mstari wa mbele nikitikisa kichwa kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani. Yeye alidhani nina kipaji. Nilipata alama za kati.

Lakini tatizo langu halikuwa hesabu. Nilipima kwa moyo. Msafiri akiwa amenichokoza siku hiyo, mto ulijaa. Siku moja mama mkubwa, ambaye tulidhani yuko mbali na mawazo yetu, aliinua kichwa kutoka kwenye kinu.

"Ule muto," akasema, "juzi uliuwekea mistari miwili. Leo minne?"

"Mvua ilinyesha, mama."

"Wapi?"

"Milimani."

Akanitazama, akarudi kutwanga. Tangu siku hiyo katika nchi yangu mvua ilinyesha sana milimani. Dada akitaka kupanda mlima, kulikuwa na utelezi. Akitaka kukamata samaki, maji yalikuwa na tope. Alivumilia, kwa sababu kanuni ilikuwa kwamba mwenye kifuniko hapingwi. Na kanuni ya pili, ambayo ndiyo chanzo cha uovu wangu wote, ilisema hivi: msafiri akifikisha safari yake, hadithi imekwisha, na kifuniko kinakuwa chake.

Mimi nilikuwa na kifuniko tangu likizo kubwa. Sikuwa na kitu kingine duniani ambacho dada alipaswa kukiomba kwangu. Nyumbani nilileta maji, madrasa nilikaa nyuma yake, sokoni nilibeba kikapu. Penye beseni tu ndipo aliponiuliza, "Sasa naona nini?" akangoja jibu langu.

Msafiri wake alikuwa binti wa mhunzi aliyebeba moto ndani ya chungu. Alitakiwa kuufikisha ng'ambo ya ziwa, kwenye milima ile tuliyoiona kila asubuhi isiyo na ukungu, kwa watu ambao, katika hadithi yangu, hawakuwa na moto na walikula ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakiwa wabichi. Kwa miezi mitatu nilimzuia kwa kila kitu nilichokijua. Alipita misitu, akafunga ndoa, akaachika, akalilaza zimwi kwa kuliimbia. Mwaka 1972, masika ikielekea ukingoni, alifika ufukweni, na sikuwa na nchi kavu tena ya kumwekea mbele.

"Napanda mutumbwi," dada akasema. "Navuka."

"Kuna upepo."

"Najua kuna upepo. Kwako kila siku kuna upepo. Chora."

Nilichora mitano. Naapa kwamba hapo nilikuwa mkweli. Ziwa lenye upepo, mtumbwi mmoja, chungu cha moto: mitano ni haki, leo ningempa mitano ileile. Nikafunika. Akavitikisa vikombe viganjani, akavinong'oneza kitu, akarusha. Viwili vilibingirika hadi ukingoni mwa beseni, karibu na miguu yake, nikainama upande wangu kutazama kifuniko. Nilipoinua macho alikuwa anahesabu kwa sauti.

"Moja, mbili, tatu, ine, tano. Tano! Funua."

Nikafunua. Mkono wa kushoto ulikuwa mgongoni kama kanuni ilivyotaka. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilishuka nusu inchi, kikapita kwenye jivu.

Mistari sita.

Akainama juu ya jivu. "Iko mitano," akasema.

"Hesabu."

"Ule wa mwisho umepinda."

"Upepo," nikasema.

"Weye mwongo! Mama, huyu iko mwongo!"

"Mwenye kifuniko hapingwi," nikasema. Mtumbwi ukapinduka. Binti wa mhunzi akaogelea akarudi ufukweni na chungu cha majivu baridi. Dada akavisukuma vikombe vikaanguka chini, akaenda kuosha miguu, na siku tatu hakunisemesha ila kunituma.

Tulikuwa hatujapatana vizuri wakati mambo yalipoanza. Sitaandika hapa mauaji yaliyotokea Rumonge na Nyanza-Lac mwaka ule. Wapo walioandika na hata wao hawajamaliza. Nitasema ya nyumba yetu tu. Baba alitupakia kwenye lori hadi Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa ndugu zake. Baba mkubwa, baba yake dada, alitoka asubuhi kumtafuta mwenye boti, akachelewa, na bado amechelewa. Mama mkubwa alipata boti nyingine. Yeye na dada walivukia ng'ambo, na baadaye wakateremka Kigoma, wakabaki huko.

Barua ya kwanza ilichukua karibu mwaka. Upande wa mbele ulikuwa na salamu za watu wote kwa mpangilio wa umri. Upande wa nyuma, kwa mwandiko wa dada, palikuwa na maneno mawili: *Iko mitano.*

Nilijibu: *Ilikuwa sita.*

Tuliendelea hivyo. Nilipopata diploma alinipongeza akaongeza mitano. Alipoolewa nilimtakia heri na sita. Bibi yetu alipofariki tulikutana kwa mara ya kwanza tukiwa wanawake wazima, tukalia mpaka sauti zikaisha, kisha akanisogelea sikioni: "Sasa sema kweli, mbele ya maiti." Nami nikamwambia sita. Mama mkubwa, aliyekuwa kando yetu, alifumba macho, sijui kwa huzuni au kwa kuchoka na sisi. Ya baba mkubwa hatukuyazungumza, wala ya boti. Tulizungumza mistari.

Nimeishi kwa kutunga mitihani. Miaka zaidi ya ishirini nimewapimia vijana ugumu, nao wamenilalamikia kwa lugha tatu, na kila mara nimewajibu kwa utulivu wa mtu asiye na doa kwamba swali hupimwa kabla, halibadilishwi baada ya jibu. Nilipenda sana sentensi hiyo.

Kisha mwezi uliopita binti yangu na wenzake wa chuo walikaa kwenye meza yangu ya kulia na mchezo wao: karatasi, penseli, dadu zenye pande nyingi kama punje za mawe ya thamani, mashujaa, majoka. Yeye ndiye msimulizi. Wageni walipoondoka alikaa na mimi jikoni akiwa amekata tamaa.

"Mama, nikiweka jambo gumu wananuna. Nikiweka rahisi wanatazama simu. Wewe mtunga mitihani, unapimaje?"

Nikampa somo. Nikasema upime jambo, usimpime mtu. Mto ni uleule kwa anayekupenda na asiyekupenda. Useme namba kabla, na ukishaisema usiiguse. Nilikuwa nazungumza vizuri, mkono mmoja kiunoni.

"Kwa hiyo hujawahi kuibadilisha?" akauliza. "Baada ya mtu kurusha?"

"Kamwe," nikasema.

Lilitoka upesi mno, kama mlango unaojifunga wenyewe. Binti yangu aliamini. Alinishukuru, "Murakoze, mama," akaandika kwenye daftari lake, chini ya jina langu, kama kanuni. Nikamwona anavyoliandika, nikaona kwamba sasa uongo wangu unakwenda kufundishwa kwa kizazi kingine. Asubuhi iliyofuata, baada ya chai, nilipiga simu Kigoma.

"Mdogo wangu," dada akasema. "Kuna msiba?"

"Hakuna. Dada, ilikuwa mitano."

Nyuma yake nilisikia kuku, mtu anafagia.

"Rudia."

"Mitano. Wa sita niliuchora kwa kidole nilipofunua. Sikutaka kukupa kifuniko. Nisamehe."

"Kidole nilikiona," akasema.

"Ulikiona? Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza lini? Miaka arobaini nakuandikia!"

Ni kweli. Nikaanza kucheka, yeye hakucheka. Nilimsikia anavuta kiti.

"Na mimi nina langu," akasema. "Nilirusha nikapata vinne. Kikombe kimoja kilikuwa hapa kwenye mguu wangu, mdomo chini. Wewe ulipoinama nilikigeuza kwa dole gumba la mguu."

Vinne kwa mitano. Alikuwa ameshindwa kihalali, na mimi nilikuwa nimefanya kosa la maisha yangu bure.

"Kwa hiyo binti wa mhunzi hakuvuka," nikasema hatimaye.

"Yule hakuvuka. Mimi nilivuka, siku zisizofika kumi baadaye, na hakuna aliyeniambia nirushe kwanza. Ule usiku wote ndani ya boti nilikuwa nahesabu moyoni, vinne, vitano, vinne, vitano. Nilifikiri labda ni kwa sababu ya kile kikombe. Ya baba, na yote. Mtoto ana akili gani."

"Dada."

"Si nimekwambia sasa. Imetoka."

Kisha nikamwambia kwamba hesabu ikiwa vinne, kwa kanuni zetu kifuniko kilikuwa changu kihalali, ila sikitaki, achukue yeye.

"Hata mimi sikitaki," akasema, na hapo ndipo alipocheka, kicheko kilekile cha kunituma maji. "Kina kazi nyingi. Mpe binti yako. Na mwambie shangazi… hapana, mwambie mama yake mkubwa kasema asimwamini mama yake."

Akakata.