Mti wa Idrisa kwenye Dari ya Mwanvita

Asubuhi ya masika, ukungu bado umelala kwenye mabonde ya kabichi ya Mgeta. Abeid Mkude anapanda njia yenye tope akiwa na mzigo wa miti begani. Anateleza, anaitukana njia, anaendelea.

Mlangoni kwa Mwanvita Mloka habishi hodi. Ananyoosha shingo na kuchungulia juu ya mafiga, kwenye dari ambako miti ya pinde hulazwa ikaushwe na moshi.

"Amekuja," anasema. "Idrisa amekuja."

"Watu husalimia kwanza, mtani," anajibu Mwanvita kutoka ndani. "Au kwenu Mikese mlishaacha?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo, alikuja. Kaleta miti mizuri, tena na sukari juu."

"Sukari!" Abeid anautupa mzigo chini. "Sukari inapindwa?"

Abeid, mwenye umri wa miaka 52, ni mchonga pinde. Ana wivu, wala hauoni kuwa ni jambo la kuficha.

"Mwanvita si mke wangu," anasema. "Ni dada mkubwa na ukoo wake ni watani wetu, basi. Lakini nikiona mti wa mtu mwingine umelala pale unapolala wangu, kifua kinawaka moto."

Mkewe, Shamsia, analicheka jambo hilo. "Mimi nikienda kwa mama yangu mwezi mzima, haulizi. Bibi wa watu akipokea mti wa Idrisa, usingizi hauji."

Biashara yenyewe ni ya zamani. Mti wa mkole, unaofaa kwa pinde, unaota kwenye vichaka vikavu vya Mikese. Fito nyembamba zilizonyooka, zinazofaa kwa mishale, zinatoka huku juu milimani. Kwa hiyo mti unapanda ili watu wa huku juu nao wapate pinde, mishale inateremka. Pesa haiguswi.

Bei nayo haitajwi. Mwenye mti anaulaza mkekani. Mwenye mishale anaupinda juu ya goti, anausikiliza kama unapasuka, kisha anapanga mishale pembeni yake. Ikimtosha mwenye mti, anaiokota. Isipomtosha, anageuza mgongo na kukaa kimya mpaka iongezwe. Anayefungua mdomo kudai, biashara yake imekufa.

Abeid alifundishwa hayo na mjomba wake. Mwanvita, mwenye miaka 64, naye alirithi kazi ya mishale kwa mjomba wake. Leo ni mmoja wa wachache wanaoifanya kwa mkono kuanzia ufito mpaka manyoya ya kanga yanayofungwa mkiani.

Bila mishale hiyo Abeid hana soko. Upinde mtupu ni shida kuuza hata kwa shilingi elfu kumi na tano. Ukiwa na mishale sita ya Mwanvita unafika elfu sitini. Wanunuzi ni vikundi vya ngoma na watu wanaopenda kulenga shabaha. Shamba lake la mahindi linalisha nyumba. Pinde ndizo zinazolipa ada na dawa.

Safari hii ana oda ya pinde nne kutoka kwa Juliana, mwalimu anayeishi Kilakala, ambaye ana kikundi cha shabaha. Wana mashindano mwisho wa mwezi. Asipopata pinde na mishale yake, Juliana amesema atatafuta fundi mwingine.

Hata huyo mwalimu anamtia Abeid wivu.

"Akipiga simu haniulizi, 'Fundi, pinde zangu vipi?' Anauliza, 'Mishale ya bibi imefika?' Mimi ndiye mwenye malengelenge mikononi!"

Halafu akaja Idrisa, kijana wa miaka 28 mwenye pikipiki. Hachongi. Anakata mkole, anaukausha, anaupandisha Mgeta, anarudi na mishale na kuiuza mwenyewe. Mwanvita ana mikono miwili tu. Kila mshale unaokwenda kwa Idrisa haumfikii Abeid.

Leo Abeid hawezi kujizuia. Anavuta mti mmoja wa Idrisa kutoka darini, anauweka juu ya goti na kuupinda. Anategea sikio. Kimya. Anaongeza nguvu mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mti unarudi ulivyokuwa.

"Umemaliza kumpekua mwenzio?" Mwanvita anauliza. "Haya, laza wa kwako."

Abeid analaza miti yake mitano mkekani. Mwanvita anachukua wa kwanza, anaupinda.

Ta!

Anachukua wa pili. Ta! Unachanika katikati kama muwa. Anakwangua wa tatu kwa ukucha, ananusa kidole, anauweka chini bila kuupinda.

"Mti wa masika huu, Abeid."

Abeid anatazama miguu yake. Kila anayefanya kazi hii anajua kwamba mkole hukatwa kiangazi, ukiwa umepukutisha majani. Wa masika umejaa maji. Ukiulazimisha kukauka juu ya moto mkali, unapasuka kwa ndani bila wewe kuona.

"Wa kiangazi umeniishia, halafu nikasikia kijana anajiandaa kupanda," anasema. "Ningekaa tu nimwangalie?"

Mwanvita anainuka. Anaingia ndani, anarudi na mshale mmoja usio na manyoya, anaulaza pembeni ya miti mitano. Maana yake Abeid anaijua: beba kuni zako.

Abeid anageuza mgongo.

Anakaa hivyo akitazama ukuta, mikono imefumbatwa. Mwanvita anavuta ungo na kuanza kumenya maharage. Jirani anapita, anaangalia, anacheka, anakwenda zake. Maharage yanakwisha, Mwanvita anainjika sufuria. Mkekani hapajaongezwa kitu.

"Geuka bwana, utapinda shingo," anasema hatimaye. "Miti hujaweza kuipinda, utaanza na shingo?"

Abeid anageuka. Miti yote sita ya Idrisa imeteremshwa kutoka darini, imelazwa mbele yake.

"Chonga hii. Minne ya mwalimu wako, miwili ya kikundi chetu cha ngoma. Badala ya mti utanipa kazi ya mikono yako. Mishale ya mwalimu utaondoka nayo."

"Mti wa Idrisa?"

"Mti wangu. Nilishautolea mishale."

"Watu watasema Abeid ameshindwa kukata mkole."

"Nani atajua? Mti una jina?"

"Mimi nitajua!"

"Basi beba hasira yako ukampelekee mwalimu. Labda atalengea hiyo."

Abeid anatoka nje. Anazunguka nyumba, anasimama kwenye kona ya zizi la mbuzi, anakwangua tope viatuni kwa muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji. Anaporudi hamtazami Mwanvita. Anafungua mfuko wake, anatoa tezo, anakaa chini na kuokota mti wa kwanza.

"Idrisa asiambiwe," anasema.

"Atakuja wiki ijayo, nitamwambia mwenyewe," anajibu Mwanvita, na kwa mara ya kwanza leo anacheka.

Mpaka alasiri pinde mbili zimeshapata umbo. Abeid anachonga vizuri, hilo hata Mwanvita halibishi. Kazi ikiwa mikononi, ulimi wake unalegea, na anaeleza mipango yake. Kiangazi kikiingia atakata mkole wa kutosha mwaka mzima kwenye vichaka vya ukoo wa mama yake. Shamsia amekubali ajenge dari kubwa juu ya jiko lao, ili asiguse tena mti wa masika hata akisikia nani anapanda mlima.

Na Idrisa?

Abeid anapuliza vumbi kwenye mti, anaupindapinda polepole, anaulaza pembeni.

"Namwombea mema," anasema. "Nasali kabisa. Mungu amjalie kazi nzuri ya mshahara, nyumba na mke mwenye adabu. Lakini ampe Mwanza huko. Au Kigoma."