Begi Zito la Kutoka Bariadi

Mwaka juzi nilikwenda nyumbani Simiyu kwenye harusi ya mpwa wangu, nikafanya jambo ambalo ukoo wetu haukuwahi kuliona: nililala hotelini. Dada yangu mkubwa, mama wa bibi harusi, anaishi Migato katika nyumba yenye vyumba vinne, na alikuwa ameshanitandikia kitanda. Nilimpigia simu nikiwa tayari nimeshika ufunguo wa chumba mjini Bariadi. Nikamweleza kwamba nina kazi za ofisi zinazotaka intaneti. Kazi hizo hazikuwepo. Kilichokuwepo ni bafu la maji ya moto, na hamu yangu ya kuonekana mtu aliyefika mbali.

"Kwa hiyo umekuja kama mkaguzi," dada akasema.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege, nikiwa na miaka hamsini na mbili. Kwa siku zote tano za harusi sikumwambia mtu kwamba ilikuwa ya kwanza. Kinyume chake, kila nilipokaa na watu wawili watatu nilitafuta njia ya kuyaleta mazungumzo kwenye ndege. Watu wakizungumzia mvua, nilieleza jinsi mawingu yanavyoonekana kutoka juu.

Asubuhi ya kuondoka nilivaa suti nyeusi. Nilidhani ndege inataka suti. Binti wa mapokezi aliniuliza kama aniitie gari la kukodi la kunifikisha Mwanza, uwanja wa ndege.

"Hapana," nikamjibu. "Mimi ni mtoto wa hapa. Nitapanda magari ya kawaida kama watu wengine."

Alinitazama, akatazama na begi langu kubwa la magurudumu, nililoazima kwa jirani, akasema, "Haya."

Kabla sijatoka, dada yangu akafika kwa bodaboda kutoka Migato, amepakata salfeti, ule mfuko wa nailoni wa kuwekea nafaka. Alikuwa ameniletea mchele wa shambani kwake, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa hadi vikakauka, pamoja na kibuyu cha samli kilichozibwa kwa gunzi la mahindi. Nilivitazama vitu vile, nikajiona nikiingia uwanja wa ndege na salfeti begani.

"Dada," nikasema, "kwenye ndege hawaruhusu vyakula."

Ulikuwa uongo mtupu.

"Sawa, mdogo wangu," akasema. "Basi nipe ufunguo nikanawe miguu huko chumbani, vumbi limenizidi."

Dada yangu akikubali neno upesi kiasi hicho, mtu mwenye akili hushtuka. Mimi nilimpa ufunguo pamoja na begi alirudishe ndani, nikaagiza chai. Alirudi baada ya robo saa akiwa na uso mkunjufu wa furaha, tukanywa chai pamoja, akaniombea safari njema, kisha akapanda bodaboda yake. Salfeti alikuwa ameikunja na kuibana kwapani. Sikujiuliza vilivyokuwemo vimekwenda wapi.

Nilipokwenda kuchukua begi nililiona zito kuliko nilivyoliacha. Nikajiambia kwamba nimezeeka, na kwamba pilau ya harusi imenilegeza. Stendi haikuwa mbali, nikaamua kwenda kwa miguu nikilivuta. Magurudumu yale yalitengenezwa kwa ajili ya vigae. Kwenye kokoto za barabara ya pembeni yalikwama kila hatua tatu, na kabla sijafika nusu ya njia gurudumu moja lilichomoka, likabingirika hadi mtaroni. Nikaingia mtaroni na suti yangu kulifuata. Mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya kwenye meza yake alinipa pole. Nilimshukuru kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, kana kwamba sikuzaliwa hapo.

Stendini nilipata Kosta ya Mwanza. Konda alilinyanyua begi, akalirudisha chini, akalitazama upya.

"Mzee, umebeba mawe?"

"Vitabu," nikajibu.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nadhani nilitaka liendane na suti. Konda akawaambia waliokuwa karibu wanipishe, mzee ana vitabu, na nikaingia garini nikiwa msomi.

Niliketi karibu na bibi mmoja wa umri wa kama miaka sabini, amejifunga kitenge na mtandio, mapajani ana kimkoba kidogo. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, naye akaitikia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani. Kisukuma changu kiliishia hapo, tukaendelea kwa Kiswahili.

"Wewe ndiye mwenye vitabu?" akauliza.

"Ndimi. Mimi naendelea hadi Dar es Salaam, kwa ndege."

"Eeh."

Ile "eeh" niliichukua kama mshangao. Tangu tunatoka Bariadi hadi tunaipita Lamadi, nilimfundisha yule bibi habari za ndege. Nilimweleza mkanda unavyofungwa. Nilimweleza kwamba ikianza kuruka mtu asiogope, ni jambo la kuzoea. Alisikiliza kwa adabu, mikono juu ya kimkoba.

"Na masikio?" akauliza. "Hayazibi?"

"Yanaziba sana. Unameza mate."

"Mimi huwa natafuna karanga," akasema.

Maneno hayo yalinipita. Nilidhani anazungumzia safari za milimani, nikaendelea kumweleza kuhusu choo cha ndege.

Tulifika Mwanza, stendi ya Buzuruga, kama saa tano. Ndege yangu ilikuwa ya saa tisa alasiri, kwa hiyo nilikuwa na muda. Nilishusha begi la magurudumu matatu, nikalikokota hadi kwenye daladala za uwanja wa ndege. Nilipogeuka nikamwona bibi yupo nyuma yangu. Nikajua amepotea.

"Mayu, hizi zinakwenda uwanja wa ndege."

"Najua, baba. Ndiko ninakokwenda."

Nikafikiri anakwenda kumpokea mgeni. Ni yeye aliyemwambia konda begi langu likae nyuma ya kiti cha dereva, na ni yeye aliyesema tushuke wakati mimi bado natazama dirisha la upande usiohusika. Langoni alitoa kitambulisho chake kabla hajaulizwa. Mimi nilivua koti nikatafuta mfuko wa kushoto, wa kulia na wa ndani, kisha nikakipata kwenye mfuko wa shati, ambako nilikiweka makusudi nisikisahau.

Mashine ya ukaguzi ililimeza begi langu, ikasimama. Mkaguzi, kijana mwenye sauti ya taratibu, akaisogelea skrini.

"Begi hili ni la nani?"

"Langu."

"Umelifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ndani kuna nini?"

Bibi alikuwa nyuma yangu kabisa. Ningeweza kusema nguo, nayo ingekuwa kweli kwa kadiri nilivyojua. Lakini nikakumbuka Kosta nzima.

"Nguo na vitabu," nikasema.

Akaniomba nilifungue. Namba ya kufuli ilikuwa sifuri tatu, kama ilivyotoka dukani, na dada yangu hakuhitaji kuwa fundi. Juu kulikuwa na suruali zangu, zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja. Chini yake kulikuwa na mchele katika mifuko miwili, michembe katika mfuko wa tatu, na katikati, kimeviringishwa kwenye shati langu jeupe la harusi, kibuyu cha samli. Gunzi lilikuwa limelegea kidogo. Harufu ilitoka ikaenea ukumbini, harufu ya jikoni kwa mama yetu, na watu kwenye foleni wakaanza kunyoosha shingo.

Bibi akainama akatazama.

"Baba," akasema polepole, "vitabu vyako vinanukia vizuri."

Mkaguzi aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi nilisikia joto likipanda kutoka kwenye kola, nikaanza kuzirudisha suruali juu ya mchele.

Begi lilipowekwa kwenye mizani likazidi uzito. Mhudumu akasema nipunguze au nilipie, na kibuyu hakiwezi kusafiri kikiwa kimezibwa kwa gunzi. Nilikuwa nakaribia kukiacha pale. Bibi akanizuia kwa mkono.

"Usitupe samli ya watu. Mimi sina mzigo."

Akaomba mfuko wa plastiki, akatoa kitenge kwenye kimkoba chake, akakaza gunzi, akakitia kibuyu kwenye mfuko, akakiviringisha kwa kitenge mara tatu na kufunga fundo, kikapimwa kama mzigo wake. Mhudumu alikuwa anamfahamu, akamuuliza wajukuu hawajambo. Ndipo nilipoelewa. Bibi huyu alikuwa na binti Dar es Salaam, na alikwenda kumtembelea kwa ndege kila baada ya mavuno, miaka na miaka.

"Mbona hukuniambia, mayu?"

"Ulikuwa unaeleza vizuri," akasema. "Sikutaka kukukatiza."

Ndani ya ndege aliketi mbele yangu. Tulipoanza kuruka nilishika kiti kwa mikono miwili nikafumba macho. Nilipofumbua, mkono wake ulikuwa umepenya kati ya viti, umeshika karanga chache. Nikazipokea, nikatafuna.

Dar es Salaam kibuyu kilifika kizima. Nilimwomba bibi achukue samli yote, akakataa, akachukua michembe kidogo kwa ajili ya wajukuu. Binti yake alikuwa anamsubiri nje, mama wa makamo, akaniangalia na suti yangu ya vumbi na begi lililoinama upande mmoja.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni mtu wa kwetu," bibi akamjibu. "Ndiyo kwanza anajifunza kusafiri."

Nikamwamkia yule binti, nikamsaidia kufungua mlango wa gari.